Filamu Iliyoanikwa Pamoja na Dagaa

Mjukuu wangu amenunua kamera kuukuu ya filamu huko Igoma, na juzi alinionya, mimi mstaafu wa masjala, kwamba filamu haipaswi kuona jua. Nilijifunza hilo kabla baba yake hajazaliwa.

Mchana ule, nikiwa mtoto, mjomba alikuwa amempiga picha bibi, aliyetoka Bukoba kututembelea na aliyepaswa kurudi kwa meli jioni. Kamera ilimponyoka, ikatumbukia ziwani. Aliiopoa, akaiweka juu ya jiwe, akaenda kubadili suruali. Ufukweni kwetu kila kilicholowa kilianikwa. Nikaifungua, nikaivuta filamu yote, nikaitandaza kando ya dagaa wanaonuka, nikawa nafukuza kunguru. Jamaa huita hilo utundu. Naomba isahihishwe kwamba nilikuwa kazini.

"Nani kakutuma?" mjomba alifoka, akinishika sikio.

"Nimeigeuza pande zote, mjomba."

Bibi alisogea. "Kwa hiyo sura yangu imeungua?"

"Yote, mama," mjomba alijibu.

"Basi mwachie mtoto. Meli na iende. Siondoki bila picha."

Mjomba, ambaye tangu bibi aje alimpisha kitanda na kulala sakafuni jikoni, aliliachia sikio langu taratibu, kisha akalishika tena.