Birika Nililolisugua Jeddah

Mimi ni mtu wa chumbani. Miaka mitatu nimefanya kazi za nyumbani Riyadh, na mji ninaoujua vizuri ni ule ulio kati ya jikoni na kitanda changu. Kwa hiyo madam aliposema twende sote Jeddah, kwenye nyumba ya makumbusho ambako watu huvaa kizamani na kupika kizamani mbele ya wageni, kichwa kiliniuma papo hapo.

"Mafi kichwa, hakuna cha kichwa," madam akasema. "Mama haendi bila wewe."

Hapo akanikamata. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Kubwa, aliletwa kwetu kutoka Jeddah baada ya kufiwa na mume, na tangu hapo kila mlo alikula vijiko vitatu tu, halas. Daktari hakuona ugonjwa. Magauni yake nilikuwa nimeyapunguza mara mbili.

Katika nyumba ile msichana alikuwa akisaga ngano kwa jiwe, mwenzake akichoma mkate. Mama Kubwa alitazama tu kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Mimi nikaona birika mekoni, jeusi tititi kwa masizi. Mkono wa mtumishi haujui likizo: nikachota jivu, nikasugua. Nusu yake ilishaanza kung'aa msimamizi alipopiga kelele.

"Dada! Hilo ni la maonyesho!"

Wageni wakanipiga picha, wakidhani nami ni mwigizaji. Nilitamani kichwa kiniume kweli.

Ghafla nikasikia kicheko nisichokijua. Ni Mama Kubwa, kacheka mpaka shela imemteleza.

"Mwacheni!" akamwambia msimamizi. "Kwa birika chafu hivyo mama yangu angetuchapa. Mnadhani watu wa zamani hawakuosha vyombo?" Akamgeukia msichana. "Na wewe, unasaga au unalibembeleza jiwe? Yalla! Na huo mkate, unaliwa au unatazamwa?"

Akapewa kipande. Akakimaliza, akanyoosha mkono tena. Madam akageukia ukutani, akapekua mkoba muda mrefu bila kutoa kitu.

Siku hizi Mama Kubwa hukaa jikoni kwangu na kuukosoa mkate wangu, huku akiula. Jana kasema turudi Jeddah.

"Kichwa kinaniuma, Mama."

"Basi kifunge kitambaa. Na ubebe jivu."

Asubuhi hii nimeanza kuyafumua magauni yake niliyoyapunguza.