Nyumba Isiyo ya Mkwe

Kwetu mzee halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa. Anaweza kufika, akapewa kiti na chai, lakini jua likianza kushuka anaaga. Ndivyo nilivyolelewa, na ndiyo maana niliipanga safari ya Musoma kama mtu anayepeleka mzigo. Tungetoka Kisumu na basi la alfajiri, tuvuke mpaka pale Sirari, binti yangu atupokee stendi, nimkabidhi watoto wake wawili, nigeuze.

Watoto hao aliwazaa kabla ya kuolewa Tanzania, na alipoenda walibaki nasi Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu. Mumewe alisema tangu mwanzo waletwe, nafasi ipo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema wajukuu wangu hawatalelewa na mtu nisiyemjua, ingawa kumjua pia sikutaka. Aliyewaogesha, akawalisha na kuamka wakilia alikuwa mke wangu. Alipofariki mwaka jana ndipo nikajua kulea ni kazi gani, na magoti yangu yalikuwa yamekwisha. Nikapiga simu Musoma. Binti yangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Msichana, ambaye yuko darasa la pili, alimkumbuka mama yake. Mvulana aliachwa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mama yake alipokuja kwa mazishi, kulikuwa na wanawake wengi wakilia, mtoto akajificha nyuma yangu mpaka wageni walipoondoka. Hilo ndilo lililonisumbua njia nzima: je, akikataa kubaki?

Mvulana alitapika Kisii, akatapika tena kabla ya Migori. Tuliposhuka mpakani jua lilikuwa kali na shati langu la akiba lilikuwa limeshatumika. Nilimbeba mgongoni, dada yake akashika begi upande mmoja akilalamika kwamba linamkata vidole. Baada ya kugongewa mihuri nilitamani kulala palepale sakafuni.

Ndani ya basi la Musoma tulikaa na mama mmoja wa makamo, muuza dagaa, wale samaki wadogo ambao sisi tunawaita omena.

"Shikamoo, mzee."

Nilichelewa kujibu. Kwetu salamu hiyo tunaijua ya shuleni. "Marahaba," nikasema, na akamchukua mvulana kutoka kwangu bila kuuliza, akamlaza mapajani. Kanga yake ilinuka samaki. Mtoto akalala mara moja, kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshindwa tangu Kisumu.

"Mnakwenda kutembea?"

"Nawapeleka kwa mama yao. Nikishawakabidhi, narudi."

"Lini?"

"Leo."

Alicheka taratibu asimwamshe mtoto. "Leo? Mzee wangu, hata mimi nikishusha magunia ya dagaa nasubiri kwanza nione yamepokelewa vizuri."

Nikamweleza habari ya nyumba ya mkwe. Sikutegemea angeelewa.

"Hiyo naijua," alisema. "Mimi ni Mkurya, lakini niliolewa na Mjaluo wa Shirati. Baba mkubwa wa mume wangu alikuwa akija kwa binti yake hapo mjini, analala kwa jirani. Asubuhi anarudi kunywa uji na wajukuu. Kwani Musoma majirani wameisha?"

Msichana akacheka mpaka akaziba mdomo. Mimi nilitazama nje. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia binti yangu siwezi kwenda kwake kwa sababu ya mila. Mila ilinikataza kulala chini ya paa lake, basi. Hayo mengine niliyaongeza mwenyewe.

"Kwangu si kwa mkweo," akasema mama yule. "Utalala kwangu mpaka mtoto azoee."

Nilikuwa nimechoka mno kukataa.

Stendi, binti yangu alinyoosha mikono. Msichana akamkimbilia. Mvulana alijificha, wala hakujificha nyuma yangu safari hii, bali ndani ya kanga ya muuza dagaa.

"Mwache," mama yule akamwambia binti yangu. "Njoo kwangu jioni na chakula. Kaa mlangoni, usimshike."

Alikuja, akakaa mlangoni. Usiku huo mvulana alilala nami, kichwa juu ya mkono wangu wa kushoto, akinipiga mateke. Kesho yake alifuata dada yake hadi kwa mama yao, nyumba chache kutoka pale, kufukuza kuku, na kila baada ya muda kidogo alirudi kunichungulia kama nipo. Mkwe wangu alikuja kunisalimu, akasimama mbali kwa heshima, saruji ikiwa imemkaukia viatuni. Nilikuwa nimemwogopa mtu huyo bure.

Jioni mvulana hakurudi. Nilisimama, lakini muuza dagaa akaniambia, "Kaa. Ukimwendea utamharibia."

Baadaye binti yangu akaja peke yake. Alisema mtoto amelala huku ameshika nguo yake.

"Baba, ungekuja mapema."

"Ningekuja," nikamjibu. "Nilikosea."

Alichukua vyombo vya chakula cha jana akaenda.

Asubuhi nilipita kuaga. Mvulana alikuwa ameketi kizingitini akila andazi.

"Unaenda kwa mama wa dagaa?"

"Naenda nyumbani, Nyamasaria."

Akatafuna, akafikiri. "Mimi nabaki kidogo," alisema, kana kwamba anasubiri ruhusa yangu. Nyuma yake mama yake aligeukia ukuta.

"Baki," nikamwambia.

Muuza dagaa alinisindikiza hadi stendi akaniwekea begi. Basi lilikuwa limeshafika Tarime nilipogundua kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umekunjwa, kama unaoshikilia kichwa cha mtu aliyelala. Niliunyoosha. Uliuma hadi Kisumu.