Mabano Niliyoyasahau kwenye Makro ya Chanjo

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu. Ilikuwa Karatu, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, ukungu umelala juu ya mashamba ya ngano, nami binti wa Kiiraqw niliyetoka mafunzoni Arusha nilijiona nimemaliza kujifunza. Ofisi yetu ya mifugo ilikuwa na kompyuta moja. Nikaiandikia programu ya kukokotoa dozi za chanjo, kwa lugha ya C, na juu kabisa nikaweka makro yangu, yaani jina fupi linalosimama badala ya hesabu:

#define DOZI(n) n * 2

Kila ng'ombe dozi mbili. Niliijaribu kwa namba moja moja, ikajibu sawasawa.

Lakini Mzee Lemayani, mfugaji wa Endulen, huko ndani ya Ngorongoro, aliyekuja kusindikiza chanjo hadi kwake, hakujumlisha mifugo yake. Alitaja ng'ombe wakubwa peke yao, arobaini, na ndama peke yao, thelathini. Nikaandika DOZI(wakubwa + ndama). Printa ikatoa 100.

"Binti, hii mia ni ya nani?"

"Ya ng'ombe wako wote, mzee. Mashine haikosei."

"Basi panda gari nasi. Tukifika, wewe ndiye utakayewaambia ng'ombe wangu wakubwa kwamba sindano ya pili haipo."

Nikaitazama saa ya ukutani. Gari lilikuwa linaondoka saa nne, na safari nyingine ya Endulen haikujulikana ni lini.

Mama Paskalina, mkuu wangu, akaweka kikombe chake cha chai chini. Hakufoka. Aliniagiza niendeshe priprosesa peke yake, ile inayopita kwenye maandishi kabla ya kompaila, programu inayoyageuza kuwa lugha ya mashine, na kutii kila mstari unaoanza na alama ya reli, #. Ukiiandikia #include, inamwaga faili zima pale pale. Ukiiandikia #define, kila inapokuta jina inaweka maneno uliyoipa.

"Soma ilichoandika," akasema.

Nikasoma: wakubwa + ndama * 2.

"Kuzidisha kumetangulia. Ndama wamepata mbili mbili, wakubwa moja moja. Hii haijui hesabu, mwanangu, inabandika tu. Umeipa maneno, ukaidai akili."

Masikio yalinichoma. Nikaandika upya, safari hii kwa mabano:

#define DOZI(n) ((n) * 2)

Printa ikatoa 140. Mzee Lemayani akacheka hadi shanga za masikioni zikatikisika. "Sasa imemfikia mke wangu mdogo. Yeye alisema hivyo jana, tena bila umeme."

Tulicheka sote tukiongeza dozi arobaini kwenye boksi la barafu, na gari likapanda kuelekea lango la Ngorongoro, mzee akinipungia fimbo dirishani.

Kwa hiyo, mwanangu, unapomkabidhi mwingine maneno yako, yafunge vizuri, maana atayabeba yalivyo. Kabla hujajivunia jibu, soma kilichoandikwa kweli. Na mtu anayewajua ng'ombe wake akikuuliza swali, hesabu upya kabla ya kumjibu. Mungu akujalie kazi inayokuchekesha, wakubwa wasiofoka, na mikono isiyoona haya kufuta na kuanza tena.