Moto Juu ya Ndiva

Harufu ya klorini, ile inayopanda kutoka kwenye ndoo ukifungua bomba asubuhi, wenzangu husema ni harufu ya usafi. Mimi nasikia damu. Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwetu Chome, Waingereza wakitawala. Tulikunywa maji ya ndiva, bwawa walilochimba babu zetu juu ya kijiji. Lilijaa usiku, na asubuhi mzee wa ukoo wenye ndiva alilifungua, maji yakashuka kwenye mfereji hadi mashambani kwa zamu. Kabla yake hakuna aliyeligusa. Mbuzi walikunywa humo, watoto tukaoga humo, kisha tukateka chini kidogo tukijidanganya kwamba maji yanayotembea hayana uchafu. Mwaka ule homa ya matumbo ikaingia. Jirani yetu alizika wawili, na mdogo wangu Namsifu, wa miaka minne, akalala hajiwezi.

Baba mdogo Elisante, anayemfuata baba, alikuwa msaidizi wa bwana afya kule Same. Alipanda mlima kwa miguu na sanduku la chupa sita zilizochemshwa, kila moja imefungwa karatasi mdomoni. Alimwambia mama kwamba kwenye maji kuna wadudu wasioonekana kwa macho, kwamba chupa zikifika maabara watajulikana na dawa italetwa. “Shemeji, nipe siku nne. Na mtoto asinywe maji yasiyochemshwa.” Mama akamjibu kwa uchovu, “Maji ya kuchemsha hayana ladha, na kuni nabeba mimi.” Wazee nao wakamwambia baba mdogo angoje kikao mpaka mwezi uandame. Alimtazama Namsifu, hakungoja. Kulipopambazuka alikwenda ndivani peke yake.

Nilimwona, maana nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Aliwasha taa ndogo ya spiriti, akapitisha mdomo wa chupa kwenye mwali ili kuua wadudu wa nje, kama alivyofundishwa, akaizamisha kwa kamba, akaifunga. Kwetu moto haupelekwi ndivani. Anayeukutanisha na maji anataka yakauke. Nikashuka mbio kuwaambia wanawake mferejini. Wakatua mitungi wakanitazama, mimi ambaye hakuna aliyenitazama tangu Namsifu augue. Nikaona tamu, nikatia chumvi: “Na alikuwa ananong'ona.” Bila neno hilo angekuwa mjinga tu wa kutozwa mbuzi. Neno hilo lilimfanya mchawi.

Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva, kwa hiyo wanaume wote walikuwa na majembe mikononi. Walimkuta anapanga chupa sandukuni. Wa kwanza alimpiga mpini mdomoni, meno yakaanguka kwenye tope. Wa pili alipiga mkono uliokumbatia sanduku, nikasikia mfupa ukivunjika kama ukuni mkavu. Baba aliingia kati, akapigwa jiwe la sikio, akalala pale pale. Wanawake walirusha mawe huku wakiwalilia kwa majina watoto waliozikwa, na mama yangu alikuwamo. Wakaponda chupa moja baada ya nyingine. Baba mdogo, jicho la kushoto limeshapasuka, alitambaa juu ya vigae akisema, “Niachieni moja tu. Ya Namsifu.” Wakamvunjia hiyo kichwani. Mimi nilikuwa nimesimama na mundu wangu, na sikufungua kinywa.

Namsifu alikufa siku ya tisa baada ya hapo, akinywa maji ya mfereji mpaka mwisho, kwani nani angefuata ushauri wa mchawi? Baadaye bwana afya alikuja na askari. Walichapa watu viboko palepale ndivani, wakachukua maji ya kupima, na majibu yaliporudi wakaleta unga mweupe tukatiliwa kwenye kila mtungi. Nilinusa dawa ile kwa mara ya kwanza mahali ambapo mawe yalikuwa bado na madoa.

Baba mdogo aliishi miaka mingi na jicho moja. Hakuna aliyemwomba radhi. Mwaka aliokufa nilikuwa namnawisha mikono, akaniuliza, “Mwanangu, wewe ulikuwepo. Hivi kweli nilinong'ona?” Alikuwa ameambiwa hivyo mpaka akajitilia shaka mwenyewe. Nikamjibu, “Sikumbuki, baba mdogo.” Akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake.

Juzi mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kupima maji, alikuja kijijini. Aliuchoma mdomo wa bomba kwa moto mbele za watu, akakinga maji kwenye chupa, akaifunga. Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja alimhimiza tu afanye haraka, ana ndoo tatu. Watoto wa siku hizi hawafi kwa homa ile kama tulivyokufa sisi, nami nashukuru. Lakini nilimkazia macho midomoni muda wote, mpaka akaniuliza, “Bibi, vipi?” Midomo yake ilikuwa imefumbwa, kama ya baba mdogo asubuhi ile. Hakunong'ona. Hakusema neno lolote. Nakumbuka vizuri sana.