Siku Nilipoinyamazisha Meza

Mdogo wangu ni dereva wa kambi ya uwindaji iliyoko porini, magharibi mwa kwetu. Msimu ukifunguliwa, kila Ijumaa huja nyumbani Kiranjeranje akiendesha pikipiki ya magurudumu manne ya mwajiri wake. Watu wa hapa waliibatiza Meza, kwa sababu ya ile miguu minne na chuma cha kubebea mizigo kilicholala juu yake. Mimi ndiye kaka mtu. Ni fundi pikipiki, karakana yangu imeegemea ukuta wa nyumba ya baba, na baba anaishi nami. Namshika mkono kwenda msikitini, namkata kucha, namtolea miiba kwenye samaki. Nayataja haya mapema kwa sababu sijaweza kulisimulia jambo hili bila donge, na ni vizuri msomaji ajue donge lenyewe ni la nani.

Baba haoni. Macho yalimfifia taratibu, akapewa dawa za matone, yakaendelea kufifia, na sasa anachotambua ni mwanga na kivuli basi. Masikio yake lakini ni mazima kuliko yangu. Akiwa barazani anakwambia lori lililopita lilikuwa na shehena au tupu, na bodaboda yupi ana cheni iliyolegea. Ananiharibia biashara wakati mwingine, maana anamtangazia mteja ubovu wa pikipiki yake bure kabla mimi sijaigusa.

Ijumaa, baada ya sala, alikuwa anakaa ameelekeza uso kwenye kalavati, pale njia ya porini inapokutana na lami. Meza ilikuwa na makelele ya ajabu. Ilisikika ingali mbali kabisa, inaunguruma na kugongagonga, na ikifika kalavatini baba alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi, amejaa tabasamu. "Mwanangu huyo!" Kila wiki vilevile. Kisha aliagiza chai iwekwe tangawizi, akaulizia kofia yake ile nzuri.

Mimi aliniita fundi. Kama wateja wanavyoniita. "Fundi, mwenzako amefika, ondoa vyuma vyako njiani." Naviondoa. Mdogo wangu anashuka kwenye Meza amejaa vumbi jekundu, ananuka pori, na baba anampapasa mabega utadhani amerudi vitani. Mimi niliyempikia uji asubuhi nimesimama na spana.

Niliona wivu, sina haja ya kuuzungushia maneno. Mke wangu aliugundua kabla yangu. "Una gere na mdogo wako," aliniambia siku moja akiosha vyombo, "mtu mzima na mvi zako." Nikamjibu kwamba nina njaa, sina gere. Akacheka, akaniletea chakula, nikashindwa kukimaliza.

Mambo haya yana mizizi. Tulipokuwa watoto baba alikuwa na gobore la kulindia shamba la mihogo, kwa sababu ya nguruwe pori. Nyama yao hatukuila, tulichotaka ni mihogo ipone. Siku aliyoamua kunichukua nilikuwa na miaka kumi hivi, na nilijiona nimekuwa mwanamume. Tukalala kifudifudi pembeni mwa shamba, jua bado lipo, upepo unatupiga usoni kama alivyotaka. Nguruwe walipochomoza, vumbi likaniingia puani, nikapiga chafya. Shamba likabaki tupu. Baba hakunichapa. Alisema tu, "Huyu ana kelele," na kuanzia hapo akawa anamchukua mdogo wangu, ambaye hata akikanyaga majani makavu humsikii. Wakirudi walikuwa wanacheka vicheko ambavyo mimi sikuvijua vimetoka wapi. Baadaye nikajifunza ufundi, kazi ya nyundo na vyuma, nikaila riziki yangu kwa hiyohiyo kelele.

Basi msimu huu, Ijumaa moja, mdogo wangu alikuja karakanani kabla hata hajanawa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kaka, Meza inatuaibisha. Unajua hatupigi mnyama tukiwa juu ya mashine, hiyo marufuku. Tunaiacha mbali, tunatembea kwa miguu. Lakini mnyama ameshatusikia zamani, tukifika tunakuta mavi bado yana mvuke. Wageni wananuna. Bosi amesema nikuachie hadi Jumapili, uinyamazishe."

"Kwani fundi wenu wa kambini?"

"Fundi wetu anajua kubadilisha oili tu. Nimewaambia kaka yangu ndiye fundi."

Alisema vile kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana nilizidi kukasirika. Ni vigumu kumchukia mtu asiyekupa sababu.

Nilianza kwa kusikiliza. Niliiwasha, nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye chuma na mpini nikauweka sikioni, nikapita nayo kiungo kwa kiungo. Hiyo ndiyo njia ya kujua kelele inatoka wapi, maana kelele ya mashine hudanganya, unadhani iko nyuma kumbe iko mbele. Nikakuta gasketi ya ekzosi imeungua na moshi unapumulia pembeni. Nikakuta bati la kukinga joto limekatika masikio mawili ya kulifungia, linatetemeka. Madigadi yanapigana na fremu. Chuma cha mizigo kimelegea nati zote, na dumu la maji linakigonga kila shimo.

Gasketi niliikata mpya. Bati nililichomelea. Ile ekzosi niliifungua, nikaondoa masizi na sufi ya kiwandani iliyoungua, nikaishindilia stilwaya za kusugulia sufuria, ambazo mke wangu alizidai kwa wiki nzima. Kisha nikaunga ekzosi ya pili kwa nyuma, niliyoitoa kwenye pikipiki kuukuu, ili mlio upite vyumba viwili kabla ya kutoka. Chini ya chuma cha mizigo niliweka vipande vya ndala, kila nati na kipande chake. Madigadi niliyavalisha mpira wa tyubu. Dumu nililivika blanketi na kulifunga kwa kamba.

Nilifanya kazi nzuri. Naisifia mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyeisifia. Kadiri mlio ulivyopungua ndivyo wazo fulani lilivyonijia, kwamba Ijumaa ijayo baba hatasikia kitu kalavatini. Sitasema lilinijia kwa bahati mbaya. Nililikaribisha, nikalipa kiti. Kazi iliyotosha kwa wawindaji niliimaliza Jumamosi adhuhuri. Jumapili nilikuwa bado nakata ndala, natafuta ule mgongano mdogo wa mwisho ambao mnyama yeyote asingeujali, lakini baba angeutambua.

Mdogo wangu alipokuja kuichukua, aliiwasha, akaniangalia, akainama kuhakikisha kweli imewaka. Akanikumbatia. Akaondoka. Baba alikuwa barazani, hatua ishirini kutoka pale.

"Fundi," aliniita baada ya muda, "mwenzako anaondoka saa ngapi?"

"Ameshaondoka, baba."

Mimi nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Ijumaa iliyofuata baba alikaa pale pale, na kofia ile nzuri kabisa. Nilimwona kupitia dirisha la karakana. Aligeuza uso kalavatini, akaukaza, akaulegeza. Yalipita malori, zikapita bodaboda. Saa nane ikapita. Mara mbili aliinuka nusu kwa mlio usiohusika, akakaa tena.

"Hajapita?" aliuliza.

"Sijamsikia," nikasema. Na ni kweli, sikumsikia.

Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha niliyoitarajia. Mzee alionekana mdogo kwenye kiti chake. Hata hivyo sikuinuka kwenda kumwambia kwamba mashine sasa haina mlio, asisubiri mlio. Neno moja tu lingetosha. Nilijiambia nimebanwa na kazi, nikaenda kununua ndizi dukani kwa jirani, nikakaa huko nikipiga soga zisizo na maana.

Niliporudi niliikuta Meza imesimama uani, nyuma ya karakana. Mdogo wangu alikuwa ameizungusha huko na kupitia mlango wangu, ule ninaoutumia mimi peke yangu nikienda kwa baba. Alitaka kumshtua mzee, ajisifie ukimya wa mashine. Kwa mwendo wake ule wa porini aliingia barazani na kukaa kwenye mkeka miguuni pa baba bila kusema neno. Mikono yake ilinuka oili, alikuwa ameiongezea mashine muda uleule. Nikasimama kizingitini. Aliniona, akaweka kidole mdomoni huku akitabasamu.

Baba alivuta hewa puani, akashusha mkono mpaka ukatua begani kwa mdogo wangu.

"Umemaliza kazi?" akauliza.

Mdogo wangu alibana kicheko. Baba hakungoja jibu.

"Mwenzako leo hakuja," akasema. "Moyo wangu haujatulia. Kule kuna nyati, kuna mashine za kupinduka. Ule mlio ukifika kalavatini ndiyo najua wiki hii hajafa. Ndicho ninachokisikiliza, basi, kwamba hajafa." Akambonyeza bega. "Lakini wewe, mwanangu, wewe..."

Mwanangu. Nililisikia vizuri. Neno lilikuwa langu, limewekwa kwenye bega la mwingine, na yule mwingine kicheko kimemwisha, amekaa analipokea. Nikaona namna alivyoinamisha kichwa ili asikie vizuri. Damu ikanipanda. Gobore alichukua yeye, pori alichukua yeye, Ijumaa zote ni zake, na hili nalo?

"Baba, huyo si mimi!" nikasema kwa sauti kubwa. "Huyo ndiye yeye! Mimi niko huku!"

Mkono wa baba ukaruka kama umeungua, kisha ukarudi, ukampapasa mdogo wangu uso, masikio, kidevu. "Wewe! Mwizi wewe! Umeingia lini?" Akacheka mpaka machozi. Akaitisha chai, akaitisha tangawizi. Akataka aelezwe habari za mashine, akasikiliza, akasema kweli, hakusikia hata chembe. "Fundi ana mikono," alisema, na hapo nikaagizwa vikombe.

Jioni nilimsindikiza mdogo wangu uani. Alikaa juu ya Meza bila kuiwasha.

"Kaka," alisema, "ungemwacha amalize."

Aliiwasha, na kwa kuwa haikuwa na mlio tulibaki tunasikia pumzi zetu. Akaniahidi kwamba kuanzia wiki ijayo atapiga honi akifika kalavatini, na ahadi hiyo anaitimiza.

Nilikaa siku tatu nikijikaza. Siku ya nne, nikimkata kucha, nilijifanya nimekumbuka tu.

"Baba, Ijumaa ile barazani, ulikuwa unasema kitu. Ulisema, lakini wewe, mwanangu. Ulitaka kusema nini?"

Aliwaza. Aliwaza kweli, nilimwona anatafuta.

"Nilikuwa naongea na nani?" akauliza.

"Na mdogo wangu. Ukidhani ni mimi."

"Ahaa," akasema, akanipa mkono wa pili. "Basi si umuulize yeye? Ndiye niliyekuwa namwambia."