Homa ya Mashine

Katika ofisi yetu ya kilimo, pale Nyawera, kompyuta ilikuwa moja tu, na mwenye kuigusa nilikuwa mimi peke yangu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaïre. Wenzangu walikuwa bado wanagonga mashine za kuandikia hadi vidole vinakufa ganzi, mimi nimekaa kwenye chumba changu chenye pazia. Nilikuwa na majivuno, sitaficha. Mtu akiingia bila kupangusa viatu nilimtazama tu mpaka arudi mlangoni mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kujumlisha mavuno ya wakulima wa Kavumu na Bunyakiri, shamba kwa shamba, mihogo na maharage. Mashine ilikuwa ya polepole. Ukiiambia ijumlishe ukurasa mrefu, ungeweza kwenda kunywa chai ukarudi ukaikuta bado inawaza. Rafiki yangu aliyesomea Bujumbura ndiye aliyenionyesha dawa. Kwenye ubao ulio ndani ya sanduku kuna vipande vidogo vya plastiki vilivyokaa juu ya sindano za chuma, na kwa Kifaransa vinaitwa cavaliers, wapanda farasi. Ukimtoa mpanda farasi mmoja na kumkalisha kwenye sindano za jirani, processeur inayopiga hesabu inakwenda mbio kuliko walivyopanga walioiunda. Mwendo wake ulikuwa wa megahezi ishirini na tano, ukawa wa thelathini na tatu.

Sanduku lilikuwa limebandikwa karatasi ya wafadhili waliotupa mashine, ili lisifunguliwe, na Directeur alishatuonya kwamba atakayeibandua ataiacha kazi. Niliibandua kwa mvuke wa birika, nikafanya mambo yangu, nikairudisha bila mkunjo. Siku hiyo ukurasa mrefu uliisha kabla sijaweka sukari kwenye chai. Niliwaambia wenzangu kwamba mashine inataka mtu anayeijua, basi.

Wiki haikuisha. Kioo kilianza kuganda katikati ya kazi, herufi zimesimama, hakuna kinachosikia. Nikiizima na kuiwasha, inakwenda kidogo, inaganda tena. Halafu likaja baya zaidi: nilijumlisha mihogo ya Bunyakiri mara mbili, nikapata majibu mawili. Mashine inayoganda unaiona. Mashine inayodanganya ni hatari nyingine.

Nilitafuta kosa kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilibadilisha soketi ya umeme. Niliazima régulateur, chombo cha kutuliza umeme, kutoka ofisi ya jirani. Nilitoa vibao vya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa gomme, kifutio cha shule, nikavirudisha kimoja kimoja. Nilijaribu disketi zote. Kila mara niliipa hesabu ileile irudie na kurudia, na kila mara ilishindwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakagua nguo za wengine. Kitu kimoja tu sikukigusa, kile nilichokihamisha mwenyewe.

Maman aliyesafisha ofisi ndiye aliyeona. Alikuwa mjane wa makamo, anapanda na ndoo kutoka bombani kila asubuhi, na anapopiga deki chumbani kwangu alikuwa anapitisha kitambaa juu ya sanduku. Siku moja alisimama mlangoni akaniambia taratibu:

“Papa, hii machine iko na homa. Asubui iko baridi, inatumika muzuri. Ikishapata moto njo inazima.”

Nilimwambia aendelee na sakafu yake. Alipotoka nilifunga mlango, nikafungua sanduku, nikagusa processeur kwa kidole. Niliuondoa mkono haraka. Alisema kweli, na nilijua papo hapo kwamba ni zile mbio nilizoilazimisha. Ningemrudisha mpanda farasi mahali pake, dakika tano, kazi imekwisha. Sikumrudisha. Nilikuwa nimejisifu mno, na kurudi kwenye mwendo wa kobe kwa neno la mtu wa ndoo kulinishinda. Naandika haya uso unaniwaka.

Siku mbili baadaye Directeur alitukusanya. Rapport ya wafadhili ilikuwa imechelewa, na aliniuliza mbele ya wote mashine ina nini. Wote walinigeukia. Niliwaza ile karatasi iliyobandikwa, nikawaza kazi yangu, na mdomo ukatangulia.

“Ni humidité, Directeur,” nilisema.

Aliuliza unyevu huo unatoka wapi, wakati mvua haijanyesha. Sikumtaja mtu. Niliiangalia ndoo tu, ile iliyokuwa imewekwa kando ya mlango, na macho yote yakafuata yangu. Maman, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alisema kwamba yeye hukamua kitambaa hadi kikauke, na kwamba machine iko na homa. Watu walicheka. Nami nilicheka. Kama angesema kwa Kifaransa, pengine wangemsikiliza, lakini neno la Kifaransa nilikuwa nimelichukua mimi. Directeur alimwachisha kazi, na Jumamosi alirudisha ufunguo na ndoo, akatushika mikono wote kwa kutuaga, mimi pia.

Jumatatu nilifika mapema, nikamrudisha mpanda farasi. Nilijiambia kwamba sasa nitasema ukweli, mashine ikishatulia. Ikatulia. Hesabu ya Bunyakiri ilitoa jibu moja, mara ya kwanza na mara ya kumi. Sikuwa nimeona jambo moja, na ndilo linaloniuma hadi leo: kupona kwake kulimhukumu yule mama kuliko uongo wangu. Ijumaa Directeur alinishika bega.

“Unaona? Tangu ule maman aende, haijazima hata mara moja.”

Nilisema ndiyo. Yeye mwenyewe alishaamini, wenzangu walishaamini, na mimi nilipewa pongezi kwa kugundua. Baada ya hapo kila siku niliyokaa kimya iliufanya ukweli kuwa mzito zaidi kuutoa. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na hakuna aliyenizuia.

Miezi ilipita. Nilikuwa nashuka kwenye soko la Kadutu nikamwona amekaa nyuma ya mafungu ya sombe, yale majani ya mihogo, mikono ya kijani kwa kutwanga. Nilitaka kugeuza njia, lakini alishaniona. Aliinuka, akanisalimia kwa heshima, akauliza habari za nyumbani. Nilijitayarisha kwa matusi, na nadhani niliyatamani. Akauliza kama ile machine ilipona.

“Ilipona, maman.”

“Tangu nitoke?”

“Tangu utoke.”

Alitazama mikono yake.

“Basi njo ilikuwa maji yangu,” alisema. “Mimi nilikataa juu sikujua. Unisamehe, papa.”

Wauzaji wa sombe wa pembeni walikuwa wanasikiliza. Neno la kweli lilikuwa kinywani mwangu, nalikumbuka lilivyokuwa tayari. Nilimwambia haina shida, nilishamsamehe zamani. Alinishukuru, akanifungia fungu la sombe kwenye jani, nami nikalipokea.