Mshono wa Pesimeka

Jumanne, Julai 1996. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya Ruiru inayokufuata hadi ndani ya blanketi.

Leo tulimpelekea daktari pesimeka. Naandika mapema nisije nikayapinda maneno yake, maana shule yangu iliishia darasa la saba na mambo haya yananizidi.

Mke wangu huanguka. Moyo wake hupiga polepole mpaka unasahau, halafu yeye yuko chini. Daktari alishatuambia kwamba bila kimashine cha kuusukuma, ndiyo hiyo pesimeka, siku moja hatainuka. Kipya hatukiwezi. Ndipo mama mzee wa tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la vitambaa Thika, akafariki, naye alikuwa na pesimeka kifuani. Wao huchoma maiti, na pesimeka haiingii motoni, hulipuka. Lazima itolewe kwanza. Tajiri alinipa ikiwa imefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Mama alimpenda sana bibi yako," akasema. "Mpelekee."

Hakutaka chochote. Hilo nisije nikalisahau.

Nyumbani Mugutha mke wangu aliigeuzageuza kiganjani. "Haiya! Sasa moyo utaanza kunidai chapati na dengu?" Akacheka peke yake. Kisha akamimina maji ya vuguvugu kwenye karai. Kazi yake ni kukagua mikebe katika kiwanda cha mananasi: wenye mshono mbaya ukizamishwa hutoa povu. Akaizamisha. Tukainama juu ya karai kama watu wanaosali. Hakuna povu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Tulipomsimulia habari ya karai, daktari hakutucheka, ingawa angeweza.

"Maji hayo hayajaiharibu, mama. Lakini hayajakuambia kitu pia. Tundu la kuua mashine hii ni dogo kuliko povu lolote."

Akatueleza kwamba yale maganda mawili ya chuma yameunganishwa kwa mwanga mkali uitwao leza, ukayeyusha kingo zake zikawa kitu kimoja. Mwilini ni majimaji usiku na mchana. Mshono ukiwa mzima, betri ndiyo huisha kwanza. Ukiwa na kasoro, unyevu hupenya kidogo kidogo mpaka mambo ya ndani yanaharibika. Betri aliipima, bado ina nguvu. Mshono haupimiki sawasawa bila mtambo ambao yeye hana.

Akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Akakaa hapo sana.

"Kuna doa," akasema. "Huenda ni kisu kilichoitoa. Huenda ndipo panapoanza kuachia. Sijui."

Nilikasirika. Kwani asipojua yeye, ajue nani? Lakini ni haki niseme: angeweza kunyamaza akaiweka, nasi tungemshukuru.

Mke wangu akauliza, "Maji yakiingia, itanionya?"

"Pengine. Pengine itazima tu."

"Na huu moyo wangu hunionya?"

Daktari akatikisa kichwa.

"Basi niwekee Alhamisi."

Nje ya mlango nilimshika mkono. "Mama watoto, ngoja kwanza tufikirie."

"Tufikirie nini? Kwani ni wewe unaanguka?"

Nikisema awekewe, naona unyevu ukipenya pale penye doa, yeye akiwa kazini, akiamini amepona. Nikisema asiwekewe, namwona sakafuni, na mimi nimesimama na akili zangu nyingi. Kila upande ninaoamua, ule mwingine unaonekana ndio wa mtu mwerevu. Sijui kama ningemzuia ningekuwa namwokoa ama namwua. Mwisho nimemwambia tutaenda Alhamisi, na sauti yangu haikuwa ya mtu anayeamini. Aliisikia. Akasema, "Sawa tu, Baba watoto."

Alipotaka kupika alipepesuka akashika ukuta. Nikamketisha, nikapika mimi. Tulikula ugali na kabeji niliyoiunguza. Watoto walinung'unika. Yeye alimega tonge, akalizungusha kwenye mchuzi, akawaambia ni tamu, wamalize.